Sifuri ya Ipogolo

Vijana wa karakana, tangu siku ile mliyoniaga kwa keki yenye jina langu lililokosewa, simu zenu haziishi: mzee, andika. Haya, naandika. Habari za vyeo sitazigusa, maana vilikuja kwa kuchelewa na sasa vimekwisha. Mishahara nayo mnaijua. Nitaandika juu ya kupima RAM, ile kumbukumbu ambamo kompyuta huweka mambo inayoyafanyia kazi, kwa sababu nimewaona mnavyoipima. Mnawasha kipimo, mnakwenda kunywa chai na chapati, mkirudi mkakuta hakuna mstari mwekundu mnamwambia mwenye mashine, "Iko fresh, chukua." Nikisikia hivyo naogopa mpaka leo. Sababu yake ni kituo kimoja cha afya kule Ipogolo, Iringa, ambacho jina lake naliacha.

Mimi nilizaliwa Mlandege, Iringa, miaka ya hamsini, wakati kitu chenye akili kuliko vyote mtaani kwetu kilikuwa redio ya mwenye duka. Babu yangu aliletwa bara na biashara ya nguo, baba akawa fundi cherehani, mimi nikaikimbia sindano nikaangukia kwenye risasi ya kuchomelea. Nilitengeneza redio miaka mingi. Redio ni mgonjwa mwaminifu: ikiumwa inakoroma, inanyamaza au inatoa moshi. Nilipohamia Mbeya kufanya kazi kwenye karakana ya kompyuta pale mtaa wa Soweto, nilidhani nimekuja kutengeneza redio zenye kioo.

Siku ya kwanza nilikutana na Mama Atuganile, mkuu wa karakana, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyesomea Dar es Salaam kwenye zile mashine za zamani zilizojaza chumba kizima. Ulikuwa mwezi wa sita na baridi ya Mbeya mnaijua. Alikuwa amevaa sweta mbili na soksi ndefu za wacheza mpira, anakunywa maji ya moto matupu. Aliniwekea mezani kompyuta iliyokuwa inaganda ovyo. Nikaifungua, nikachomoa RAM, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli kama nilivyoona mafundi wote wakifanya, nikairudisha. Mashine ikawaka vizuri. Nikatabasamu.

"Shabani, umefanya nini hapo?"

"Nimeiponya, mama."

"Ilikuwa inaumwa nini?"

"Sijui. Lakini si imepona?"

"Hujui ilikuwa inaumwa nini, halafu unasema imepona! Wewe umefuta nyayo za mwizi, sasa unamwambia mwenye nyumba alale mlango wazi."

Alinichomolea kile kifutio mkononi akakitia kwenye mfuko wa sweta ya ndani. Kwa muda mrefu sikuruhusiwa kukigusa kabla ya kupima. Nilimchukia mpaka saa ya chakula, kisha nikaona ana haki.

Ndipo akanifundisha kupima. Alisema, chukulia RAM ni vijumba vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, na kila kijumba kina taa moja tu. Taa imewaka au imezimika, basi, hakuna habari nyingine. Kipimo kinapita kikizima taa zote, halafu kinarudi kukagua kama kweli zimezimika. Kinawasha zote, kinarudi kukagua. Kisha kinawasha hii na kuzima ya jirani, kwa sababu wako majirani wanaoambukizana tabia. Panapotofautiana kilichoandikwa na kilichosomwa, kipimo kinatoa mstari mwekundu wenye namba ya mahali palipokosewa, kilichowekwa na kilichokutwa.

"Mtu yeyote ataona mwekundu," alisema Mama Atuganile. "Kazi ya fundi ni kuuliza maswali. Kosa liko pale pale kila mara au linahamahama? Taa inakataa kuzimika au inakataa kuwaka? Linakuja mashine ikiwa baridi au ikiwa imechoka? Ukihamisha RAM kwenda tundu lingine, kosa linaifuata au linabaki kwenye tundu? Na mwekundu usipotoka?"

"Basi ni nzima."

"Basi haikukosea leo, hapa, mbele yako. Andika hivyo hivyo. Wewe si Mungu."

Nilikuwa namcheka kimoyomoyo. Mtu mzima ninaandika kwenye karatasi ya mteja "haikukosea leo hapa," mteja ananitazama usoni kuona kama nimelewa. Lakini miaka ilinifunza. Nilipata mashine ya parokia moja ya Rungwe iliyokuwa inakosea Jumapili tu, kumbe Jumapili walikuwa wanawasha kinanda cha umeme kwenye waya mmoja nayo. Nilipata ya shule moja ambayo mende walikuwa wamehamia kwenye chanzo chake cha umeme, ukoo mzima, na bibi yao. Nilipata RAM iliyokuwa haina kosa lolote mpaka niipulizie joto kwa draya niliyoazima saluni ya jirani. Yule dada wa saluni hakuwahi kuamini kwamba naitumia kwa kompyuta. Alidhani nina mke wa siri mwenye nywele ndefu.

Sasa Ipogolo.

Ofisi yetu ilihudumia mikoa ya nyanda za juu, na kituo kile cha afya kilikuwa kimepewa kompyuta moja yenye programu ya kizamani kwa ajili ya kliniki ya watoto. Kazi yake ilikuwa rahisi. Mtoto anapimwa uzito, karani anaingiza jina na kilo kwa tarakimu mbili, mashine inapiga hesabu ya dawa na kuchapa kikaratasi. Mama anakipeleka kikaratasi kwenye dirisha la dawa. Karani alikuwa Rehema, binti wa mjini Iringa, mtu wa kanga safi na sauti ya chini. Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Mgaya, mtu mrefu asiyependa kurudia neno.

Mchana mmoja aliletwa mtoto mchanga mwenye malaria. Mizani ilisema kilo tisa. Kikaratasi kikatoka kilo kumi na tisa. Foleni ilikuwa ndefu, mtoto amefunikwa mgongoni kwa mama yake, na aliyekuwa dirishani akatoa dawa kama karatasi ilivyosema, dawa ya mtoto wa kwenda shule. Yule mtoto alianza kutapika na kutetemeka kabla mama yake hajapanda kilima. Walimrudisha, wakapambana naye, akanusurika. Lakini mzazi alikuwa amemwona mwanawe akigeuza macho, na habari zikaenea mpaka sokoni.

Daktari Mgaya alifungua mashine akakuta imeandikwa kumi na tisa. Rehema aliapa alipiga sifuri na tisa, na kwamba kwenye kioo aliona sifuri na tisa. Nani angemsadiki? Mashine haina shangazi wala ugomvi na mtu. Wakasema amefanya kwa uzembe. Wengine, wenye midomo mirefu, wakasema yule mama na Rehema walikuwa na mambo yao ya zamani. Polisi walikwishaitwa mara moja na walisema watarudi. Kabla hawajarudi, daktari akaileta mashine Mbeya ipimwe, ili pasibaki shaka.

Niliipima pale karakanani, kutwa nzima. Hakukutoka mstari mwekundu hata mmoja. Daktari alikuwa amekaa kwenye benchi amejikunyata kwa baridi, akanyanyuka.

"Kwa hiyo mashine ni nzima."

"Haikukosea leo hapa," nikasema.

"Fundi, naomba unipe jibu la mtu mzima. Nina karani anayekwenda jela au haendi."

Nilimtazama Mama Atuganile. Alikuwa amekaribia kustaafu wakati huo, anavaa miwani miwili kwa zamu. Akauliza kwa upole, "Daktari, baba, hii mashine kule kwenu inakaa wapi?"

"Inakaa mezani. Ikae wapi tena?"

"Shabani, umeiona hiyo meza?"

Sikuwa nimeiona. Kesho yake nikapanda gari la kituo pamoja na mashine, nikashuka nayo Ipogolo. Wanaokijua kile kipande wanajua: Iringa mjini juu unavaa koti, ukiteremka Ipogolo unalivua. Chumba cha karani kilikuwa na bati bila dari na dirisha dogo linalotazama barabara kuu, na malori yalikuwa yakipita yakiacha vumbi jekundu juu ya kila kitu.

Rehema alikuwa amesimama kando ya mlango. Alikuwa amekatazwa kukaa kwenye kiti chake.

"Kamwene, fundi," alinisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, dada. Njoo unionyeshe unavyofanya kazi. Usibadilishe chochote, fanya kama kila siku."

Alimtazama daktari kwanza, daktari akaitikia kwa kichwa. Rehema akaiweka mashine mahali pake, akaunganisha waya, akaiwasha. Halafu, bila hata kufikiri, akafungua mkoba wake akatoa kitambaa cha kufuma kwa sindano, cheupe, kizito, chenye maua ya waridi pembeni, akaifunika mashine yote juu mpaka nyuma. Kilichobaki wazi ni kioo tu na mdomo wa kuingizia diski. Akakinyoosha kwa viganja viwili kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Vijana, msicheke. Nyumba gani kwetu haina kitambaa juu ya redio, juu ya televisheni, juu ya kochi? Mama yangu mwenyewe alikuwa nacho juu ya thermos. Kitu cha thamani kinafunikwa, ndivyo tulivyolelewa, na mtu anayekiacha kitu cha thamani wazi ni mtu asiye na mama. Kule karakana mashine ilifika ikiwa uchi, tukaipima uchi, kwenye baridi ya mwezi wa saba.

"Unaifunika hata ikiwa inafanya kazi?"

"Vumbi, fundi. Hii barabara haina huruma. Nilikifuma mwenyewe, daktari alikisifu."

Daktari alikohoa.

Nikaingiza diski ya kipimo, kitambaa kikiwa juu. Asubuhi ilipita safi. Mchana jua lilipokaa sawasawa juu ya bati nikaweka mkono nyuma ya mashine nikauondoa haraka. Tulikuwa tumekaa watatu, wakinamama wakinyonyesha nje kwenye kibaraza, ndipo mstari mwekundu wa kwanza ulipotoka. Kisha wa pili, kisha ikawa kama choo cha kuku. Niliruka kwenye kiti. Nimekuwa fundi miaka yote ile na nilipiga kelele kama mtu aliyekanyaga nyoka.

Nikajilazimisha kukaa na kuuliza maswali ya Mama Atuganile. Kosa liko wapi? Mahali pamoja tu, mistari yote namba ile ile. Linakosea vipi? Taa moja, ya mwisho katika kundi lake, imekataa kuzimika. Ukiiwasha inawaka, ukiizima inabaki imewaka. Haikukosea upande wa pili hata mara moja.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo lilipo jambo lenyewe. Ndani ya mashine tarakimu hazina sura kama tunazoandika. Kila moja ni safu ya taa, hizi zimewaka, hizi zimezimika. Sifuri na moja ni safu zinazofanana taa kwa taa, isipokuwa ya mwisho: kwenye sifuri imezimika, kwenye moja imewaka. Taa ile ikigoma kuzimika, kila sifuri inayowekwa pale inakuwa moja. Na programu ile ya kizamani ilikuwa na mazoea ya mzee wa miaka themanini, kila kitu inakiweka pale pale kila siku. Nilianza kuogopa ni kitu gani ilichokuwa inakiweka mahali pale.

Nikawasha programu ya kliniki kabla mashine haijapoa. "Dada Rehema, andika mtoto wa kilo nane. Sifuri, nane."

Akaandika. Daktari aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Kioo kilionyesha sifuri na nane, maana kioo kina kumbukumbu yake chenyewe. Mashine ya kuchapa ikalia, karatasi ikatoka: kumi na nane.

Rehema alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Andika kumi na mbili," nikasema. Ikatoka kumi na mbili.

"Umeona, inapatia," alisema daktari.

"Inapatia kwa sababu pale kuna moja tayari, hakuna cha kuharibu. Sasa andika ishirini. Mbili na tatu nazo zinatofautiana kwa taa ile ile. Kama nimeelewa, itatoka thelathini."

Ikatoka thelathini.

Daktari Mgaya alikaa kwenye benchi la wagonjwa, kati ya wanawake wawili, bila kuwaomba nafasi. Alikuwa na jasho kwenye nyusi. Nami sikuwa na raha ya ushindi hata kidogo. Maana hiyo mashine ilikuwa haikosei kwa watoto wa kilo kumi na kitu, na wa ishirini hawakuwa wakifika kliniki ile. Haikuwa ikikosea asubuhi. Ilikuwa inawachagua wachanga waliokuja mchana.

Daktari alisema, "Kwa hiyo ni kitambaa. Rehema, ni kitambaa chako."

Hapo nilikasirika, na mimi nikikasirika Kiswahili cha Mlandege kinanitoka bila breki. Nilimwambia, baba, ngoja, tusimtoe huyu binti shimoni ili tumtumbukize kwenye kisima. Fundi akiwa na wawili anaowashuku habadilishi wote kwa pamoja. Nikatoa RAM ile, nikaweka nyingine niliyokuja nayo, nikafunika kitambaa kile kile, nikaipima kwenye joto lile lile mpaka jua likaondoka juu ya bati. Hakukutoka mwekundu. Siku iliyofuata nikarudisha RAM ya mwanzo, safari hii bila kitambaa. Ilichelewa, lakini alasiri ikakosea, mahali pale pale, taa ile ile. Kitambaa kilikuwa kinaharakisha tu. Ubovu ulizaliwa na RAM huko kiwandani ilikotoka, na ungeonekana siku yoyote ya joto.

Niliyaandika hayo kwa maneno mafupi, daktari akatia saini chini yake, akatoka kwenda polisi mwenyewe kwa miguu. Kabla hajatoka alisimama mbele ya Rehema. Nilidhani atasema jambo refu. Alisema, "Nisamehe, binti yangu. Kaa kwenye kiti chako."

Rehema hakukaa. Nilitegemea atalia, au atapiga vigelegele, au angalau atanishukuru nijisikie mtu. Alikuwa anatazama ile karatasi yenye kumi na nane.

"Fundi," alisema, "hii taa ilianza kugoma lini?"

"Hilo kipimo hakiwezi kusema."

"Yaani inaweza kuwa tangu masika?"

"Inaweza."

"Watoto wa mchana niliowaandika mimi tangu masika ni wengi, fundi. Siyo mmoja."

Katika hekaheka zote zile, za polisi na za kitambaa, hakuna aliyewafikiria. Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta nani mwenye kosa, nikalipata, nikawa nafunga mkoba. Mtoto mmoja ndiye aliyerudishwa akitetemeka. Wengine huenda watu wa dirishani waliwatupia jicho wakapunguza dawa wenyewe, huenda walitapika nyumbani wakapona, huenda.

Rehema aliomba watafutwe, na daktari alikubali. Waliwaita watoto wote wachanga waliopita pale mchana, kwa matangazo msikitini na kanisani, na Rehema akazunguka nyumba kwa nyumba kwa wale wasioyasikia. Nilibaki Ipogolo, ingawa kazi yangu ilikuwa imekwisha. Niliona aibu kuondoka. Waliwapima upya kwenye ile mizani ya kuning'iniza, mmoja mmoja, na Rehema akawa anaandika kilo kwa kalamu. Watoto walikuwa wanalia, wanakojolea mizani, wana afya zao. Kila aliyeshushwa akiwa mzima nilipumua.

Kisha akaja mwanamke mmoja kutoka upande wa mashambani, Mhehe, amejifunga shuka kwa ajili ya upepo wa njiani. Mgongoni hakuwa na mtu. Alisimama kwenye foleni kama wengine mpaka ilipofika zamu yake.

"Mtoto yuko wapi, mama?" Rehema aliuliza.

"Mtoto tulishamzika, dada. Wakati wa palizi. Alipewa dawa hapa, siku ya pili yake akafariki. Tulisema ni malaria. Nimesikia mnaita wa mchana, na wa kwangu alikuwa wa mchana, nikaona nisipokuja mtanisubiri."

Kalamu ilimdondoka Rehema. Daktari alimshika yule mama mkono akamkalisha, akamwambia ukweli wote pale pale, kwamba karatasi huenda ilikosea na huenda haikukosea, kwamba malaria nayo inaua na hakuna njia ya kujua sasa. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ile mashine, RAM mbovu ikiwa mfukoni mwangu, na nilijua kwamba duniani hakuna kipimo ninachoweza kumwashia.

Akageuka akaniona na bisibisi yangu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye, mama."

"Na mashine yenyewe, imepona?"

Nilitaka kusema haijakosea leo hapa. Ulimi ulikataa.

"Imepona, mama."

"Haya," alisema, akajifunga shuka lake vizuri. "Mungu asifiwe."